Makumbusho Yasiyo na Jumba: Majina, Simulizi na Lugha ya Ziara za Kihistoria Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanahistoria na maofisa wa mambo ya kale, nalo ni ziara katika mahali padogo pa kihistoria. Hatukusudii Olduvai wala Kilwa Kisiwani, ambako mgeni hukuta mabaki yanayojieleza kwa ukubwa wake. Tunakusudia mahali ambapo mgeni akifika huona kilima, mti, chemchemi au uwanja wenye majani, na asiposimuliwa huondoka akiamini kwamba hakuona kitu.

Mifano yetu mingi inatoka Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Tunaanzia Ihembe, kata ya Karagwe ambayo mtalii wa kawaida hana sababu ya kuijua, kisha tunaelekea Bweranyange, palipokuwa ikulu ya wafalme. Hoja yetu ni kwamba katika mahali pa namna hii simulizi si maelezo yanayoambatana na kumbukumbu. Simulizi ndiyo kumbukumbu yenyewe. Kwa hiyo anayeamua lugha na maneno ya kuandikwa kwenye kibao huwa anaamua pia kitakachobaki na kitakachopotea. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu na ya mwanafunzi wa fasihi simulizi kama ilivyo ya mwanaakiolojia, na inasikitisha kwamba idara zetu zimeitazama kwa mbali.

2.0 Neno makumbusho

Neno makumbusho lina asili yake katika kitenzi kumbuka. Kitenzi hicho kikiingia katika kauli ya kutendesha hupata umbo la kumbusha, kama vile amka huwa amsha na anguka huwa angusha. Kisha huongezwa kiambishi awali ma- na kiambishi tamati -o, kama tuonavyo katika maonyesho na mafundisho. Umbo hili tumelizoea mno hata hatulichunguzi. Tukilichunguza tutaona kwamba linadai washiriki wawili: akumbushaye na akumbushwaye. Tena linadai kwamba huyo akumbushwaye aliwahi kujua, au walau anatoka katika jamii iliyojua. Maonyesho hutosheka na macho. Makumbusho hayatosheki bila mtu wa kusema.

Historia ya taasisi zetu haikufuata mantiki hiyo ya neno. Jumba la makumbusho la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940 likiwa ukumbusho wa Mfalme George V wa Uingereza, na baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo imejengwa juu ya vitu na mahali, na imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa umri kwa majengo na masalio mengi. Mpaka huo ukipelekwa Karagwe unaupita utawala wa Rumanyika wa Kwanza katikati: kilichofuliwa na wahunzi wake kabla ya mwaka huo kina hadhi moja, na kilichofuliwa miaka kumi baadaye kinangoja kutangazwa rasmi. Masimulizi yanayoviunganisha vitu hivyo hayana tarehe ya kufuliwa.

3.0 Jina kama kibao

Katika lugha za kundi la Rutara, ambamo Kinyambo na Kihaya zimo, neno ihembe lina maana ya pembe. Uhusiano wa maneno haya mawili ni wa wazi kwa aliyesoma isimu historia: sauti /p/ ya Kiswahili hulingana na /h/ katika lugha hizo, kama kupa linavyolingana na okuha. Ngeli ndiyo iliyotofautiana. Katika nchi iliyojulikana kwa ng'ombe wenye pembe ndefu, jina la namna hii lina uzito, lakini hatuna haki ya kurukia hitimisho. Pembe yaweza kuwa ya ng'ombe, yaweza kuwa pembe ya mganga iliyotiwa dawa, yaweza kuwa umbo la kilima. Kuijua maana ya neno si kuijua sababu ya kupewa mahali jina hilo; la pili huulizwa kwa wenyeji, na mara nyingi hujibiwa kwa visa viwili visivyopatana.

Mtagata, chemchemi ya maji moto iliyoko Kyerwa, ni mfano mwepesi zaidi. Okutagata ni kuwa na uvuguvugu, basi jina lenyewe ndilo kibao. Stanley alifika hapo mwaka 1876 akaeleza habari za watu waliokwenda kuoga ili wapone maradhi.

Bweranyange ni mfano mgumu. Msikilizaji wa lugha za Maziwa Makuu atasikia ndani yake kitenzi cha kuwa na weupe, na enyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe ambaye Waswahili humwita yangeyange. Speke aliliandika jina hilo kwa umbo linaloanza na W, bila B. Huenda sikio lake lilimdanganya, huenda mkalimani wake ndiye aliyelitamka hivyo. Tunalitaja kwa sababu vibao na ramani nyingi barani Afrika zimerithi masikio ya wasafiri, na jina likishachongwa kwenye ubao huwa kazi ngumu kulirudisha katika matamshi ya wenyewe.

4.0 Bweranyange: ikulu na maneno yake

Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke anaeleza kwamba maamkizi ya kwanza ya mfalme yalitolewa kwa Kiswahili kizuri. Taarifa hiyo fupi ina thamani kubwa kwa idara kama zetu. Wakati huo hapakuwa na shule ya misheni Karagwe, na utawala wa Wajerumani ulikuwa bado zaidi ya miaka ishirini mbele. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika kwa njia ya misafara iliyotoka Tabora na kuwa na kituo Kafuro, karibu na ikulu, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikaa wakingoja pembe za ndovu. Kwa hiyo anayesema kwamba kuandika maelezo ya Bweranyange kwa Kiswahili ni kuleta lugha ya kigeni hana budi kukumbushwa kwamba mwenye ikulu aliitumia kuwapokea wageni wake.

Hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili, na tusiufiche. Kiswahili cha Rumanyika kilikuwa lugha ya barazani, ya kupokea wageni na kufanya biashara. Mambo ya ngoma, ya mwezi mwandamo na ya mazishi ya wafalme hayakuwa na sababu ya kusemwa kwa lugha hiyo. Kibao cha Kiswahili pekee kitatupa Bweranyange ya wageni, na kitaacha nje Bweranyange ya wenyeji.

Tuchukue kisa cha kurithi ufalme. Baada ya kufa Ndagara, watoto wake watatu walishindania kiti. Kila mmoja alitakiwa kuinua ngoma ndogo iliyosemekana kuwa na nguvu za siri. Ikawashinda wawili, Rumanyika akaiinua bila taabu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakitambua kisa hiki mara moja: ni kisa cha kuhalalisha utawala, na jaribio la kuinua kisichoinulika limeenea duniani. Lakini Speke alikisikia upande wa mshindi, ndani ya ikulu yake, wakati ndugu mmoja alikuwa bado ni adui wa mfalme. Tungependa kujua ukoo wa ndugu huyo ulikisimuliaje. Kibao kinachosema tu kwamba Rumanyika alichaguliwa kwa kuinua ngoma kimekwisha kuchagua upande katika vita vya urithi, na aliyekiandika huenda hakujua.

Hali kadhalika kwa hazina ya wafalme. Stanley alionyeshwa nyumba iliyotunzwa sanamu za bata wenye mbawa za shaba nyekundu, sanamu za ng'ombe wasio na vichwa, pamoja na silaha na zana nyingi za chuma. Hamo Sassoon, katika makala yake ya mwaka 1983 katika jarida la Azania, alivihusisha vitu vya kifalme vya ukanda huu na ng'ombe, uhunzi na itikadi ya dini. Tukiandika "sanamu ya ng'ombe" tutakuwa tumesema kweli na hatujasema kitu. Nyundo ya mfalme si kifaa cha kugongea; ni tamko kwamba mwenye nchi na mhunzi wana undugu, na kwamba zana za kulimia na mikuki ya kupigania zina asili moja na utawala. Kulisema hilo kwa Kiswahili inawezekana kabisa, ila yanahitajika maneno zaidi ya matatu, na anahitajika mtu aliyeketi na wenye kujua.

Kuna pia yale ambayo tungeshauri yasirudiwe ovyo. Kisa ambacho vitabu vya Kizungu hukipenda kuliko vyote kuhusu Karagwe ni cha Speke kumpima kwa utepe mwanamke mnene wa jamaa ya mfalme, aliyenenepeshwa kwa maziwa. Kisa hicho kinatueleza mengi kuhusu Speke. Kitabu hicho hicho ndicho kilichoeneza dhana kwamba watawala wa Maziwa Makuu ni kabila la wavamizi kutoka kaskazini, bora kuliko raia zao, dhana ambayo katika nchi za jirani ilikuja kutumiwa kuleta maangamizi. Simulizi za Karagwe zenyewe zinamtaja Ruhinda akiutwaa utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Basiita, na Katoke amelieleza vizuri suala la koo hizi katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ugomvi wa koo si ugomvi wa rangi. Anayeandaa maelezo ya mahali hapa asikose kutofautisha mambo hayo mawili.

Jambo la mwisho hapa ni la jina tena. Mwaka 2019 pori la akiba lililokuwa likiitwa Rumanyika-Orugundu lilipandishwa hadhi likawa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Ni heshima. Lakini kijana atakayelisikia jina hilo kwanza kama la hifadhi ya wanyama, bila kufikishwa Bweranyange, atakuwa na jina lisilo na mtu.

5.0 Mfano wa Katuruka

Katuruka haiko Karagwe; iko upande wa Bukoba, katika nchi ya Wahaya. Tunaiingiza kwa sababu ndiyo inayothibitisha hoja yetu kwa ushahidi wa ardhini. Wazee wa hapo walisimulia habari za Rugomora Mahe, mfalme aliyewaita wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, na walionyesha mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina linalohusu mahali pa kufulia chuma. Mwaka 1970 Peter Schmidt alichimba hapo akifuata simulizi hizo, akapata mabaki ya ufuaji chuma ya kale mno kuliko mfalme anayetajwa, ambayo asili yake ilikadiriwa kuwa ya karne za kabla ya Kristo. Simulizi ilikuwa imekosea mwaka, lakini haikukosea mahali.

Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, ulikata mnyororo wa wasimulizi katika vijiji vingi. Wanakijiji wa Katuruka wenyewe ndio walioanzisha, kuanzia mwaka 2008 hivi, juhudi za kukusanya upya masimulizi na kupatengeneza mahali hapo kwa ajili ya wageni, wakishirikiana na Schmidt. Katika kazi hiyo ilidhihirika kwamba wanawake walikuwa na maarifa ambayo utafiti wa mwanzo, uliowasikiliza zaidi wazee wa kiume, haukuyafikia.

6.0 Kazi ya mwanafunzi mahali penyewe

Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Karagwe hana haja ya kusubiri jumba lijengwe. Akiisha kupata kibali na kujitambulisha kwa ofisi ya kata na ya kijiji, na aanze na majina. Kila jina aliandike kwanza kama linavyotamkwa na mwenyeji, pamoja na irabu ya mwanzo inayodondoshwa tunapolitia katika Kiswahili. Msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza uliotolewa na Rugemalira mwaka 2002 utamsaidia kuangalia maana, si kumaliza swali. Simulizi airekodi kwa Kinyambo ikiwa ndiyo lugha ya msimulizi, hata kama mzee anajua Kiswahili fasaha. Tafsiri ifuate, na isomwe mbele ya msimulizi yule yule kabla ya kuchapwa. Mwenye kuijua kazi ya Mulokozi juu ya tendi za enanga za Wahaya ataelewa kwa nini: kinachopotea katika muhtasari wa Kiswahili mara nyingi ndicho kilichomfanya msikilizaji asisogee.

Aidha, amsikilize bibi kwa muda ule ule anaompa babu. Kwa kawaida mwanamume ndiye hutolewa mbele kumpokea mgeni wa chuo kikuu, na mama mwenye nyumba husahihisha tarehe na majina akiwa pembeni. Masahihisho hayo yaandikwe, na jina la aliyesahihisha liulizwe kwa adabu kama anapenda litajwe.

Nakala moja ya kila kilichorekodiwa ibaki katika ofisi ya kijiji au shule iliyo karibu. Na kama Ihembe itapata kibao siku moja, tunapendekeza kiwe na mistari ya Kinyambo juu na ya Kiswahili chini, na pale ambapo wazee wawili hawakupatana kuhusu pembe iliyotoa jina, visa vyote viwili viandikwe, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mwaka kiliposimuliwa.