Mfilisi na Muflisi: Wajibu wa Afisa wa Umma katika Ufilisi wa Kampuni

Katika Kiswahili, muflisi na mfilisi hutenganishwa na irabu moja tu. Muflisi ni aliyeishiwa. Mfilisi ni anayekabidhiwa mali ya aliyeishiwa ili aiuze na kuwagawia wanaomdai. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu na yana udugu na neno fulusi, yaani sarafu za shaba: muflisi ni yule aliyebakiwa na sarafu hizo duni pekee, dhahabu na fedha zikiwa zimemtoka. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku, kumfilisi mtu ni kumkomba. Haishangazi basi kwamba mfanyakazi akisikia kampuni yake imepata mfilisi, hudhani amekuja mlaji. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba sheria ya Kenya humtaka mfilisi awe mwangalizi wa amana, na kuchunguza ni nani anayemwangalia yeye.

Mfilisi asichanganywe na mrasimu. Benki ya KCB ilipoiweka kampuni ya sukari ya Mumias chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019, lengo la kwanza lilikuwa kukomboa deni la benki hiyo. Mfilisi anayewekwa kwa amri ya mahakama huwatumikia wadai wote.

Ofisi ya afisa wa serikali anayeshughulikia mali za waliofilisika, ambaye hapa ataitwa Mpokeaji Rasmi, ilianzishwa Uingereza kwa sheria ya 1883, na mwaka 1890 mamlaka yake yakapanuliwa hadi kwenye kampuni. Kabla ya hapo kazi hiyo iliachiwa watu walioteuliwa na wadai wenyewe, na wengi wao walidokoa. Kenya ilirithi utaratibu huo wakati wa ukoloni, kisha ikauandika upya katika Sheria ya Ufilisi ya 2015.

Chini ya sheria hiyo, mahakama ikishatoa amri ya kuivunja kampuni, Mpokeaji Rasmi huwa mfilisi kwa wadhifa wake hadi mwingine ateuliwe. Hukusanya mali, huiuza na kugawa mapato. Aidha, na jambo hili aghalabu husahauliwa, hupaswa kupeleleza kwa nini kampuni ilianguka, na anaweza kuiomba mahakama iwahoji wakurugenzi hadharani. Asiyejua wajibu huu wa pili humwona afisa huyu kama dalali tu.

Ugawaji wenyewe unakumbusha mirathi: marehemu hulipiwa madeni kabla ya warithi kugusa chochote. Hapa warithi ni wenye hisa, nao mara nyingi huambulia patupu. Ama mdai aliyewekewa rehani mahususi, kwa mfano benki yenye hati ya shamba, hujilipa kutokana na mali hiyo. Katika mali inayosalia, gharama za ufilisi na ujira wa mfilisi hutangulia. Kisha hufuata mishahara ya miezi minne iliyotangulia ufilisi, ila kwa kila mfanyakazi kipaumbele hicho hakipiti shilingi 200,000. Aliyekuwa akilipwa 60,000 kwa mwezi na kudai miezi minne, yaani 240,000, hupata kipaumbele kwa 200,000. Zile 40,000 huingia katika kundi la wadai wa kawaida, ambako huenda hata senti isifike.

Mpangilio huu ndio kiini cha hoja. Mfilisi hulipwa mwanzo kutoka kwenye chungu kile kile anachokilinda. Kila mwezi unaoongezeka katika kazi yake unaweza kupunguza fungu la mfanyakazi, hata bila ya wizi wowote kutendeka. Kwa hiyo wadai wanaweza kuunda kamati ya kumhoji, na mahakama inaweza kumwondoa au kumwamuru arejeshe alichokitumia vibaya. Mfilisi wa kibinafsi huidhinishwa na Mpokeaji Rasmi. Lakini Mpokeaji Rasmi anapokuwa yeye mwenyewe mfilisi, tabaka hilo la uangalizi hutoweka. Hubaki mahakama, wadai, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, na maadili ya utumishi wa umma yaliyowekwa katika Katiba ya 2010 na, tangu 2025, katika Sheria ya Mgongano wa Masilahi.

Yamkini walio dhaifu zaidi kati ya hao ni wadai wadogo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali Sheria ya Ufilisi iliandikwa kwa Kiingereza. Mkata miwa au mpakuzi wa bidhaa ghalani anaweza kupokea tangazo la kumtaka athibitishe deni lake kabla ya tarehe fulani, asielewe kwamba tangazo hilo ndilo linalompa kiti katika mkutano wa wadai, mahali ambapo angeweza kumuuliza mfilisi: umeuza nini, kwa bei gani, na wewe umechukua kiasi gani?