Taarifa ya chama: jua kurasa zinakatikia wapi kabla ya kuprinti

Mhazini akishaweka miamala ya mwezi kwenye Excel, hubaki kuprinti na kuwagawia wanachama. Hapo ndipo maneno huanza: karatasi moja ikipotea, michango iliyokuwa humo haionekani, na mtu aliyetuma pesa anaulizwa mbona hajalipa.

Excel hukata kurasa kulingana na ukubwa wa karatasi, pambizo na urefu wa mistari. Taarifa ikiwa ndefu, tumia makro hii fupi ikuonyeshe kila ukurasa unaanzia mstari gani. Utahitaji kompyuta, kwa sababu Excel ya simu haiendeshi makro.

1. Hifadhi nakala ya faili, kisha ufungue laha unayotaka kuprinti.
2. Bonyeza Alt+F11, chagua Insert, halafu Module.
3. Andika hivi:

Sub TafutaKurasa()
Dim i As Long
ActiveWindow.View = xlPageBreakPreview
For i = 1 To ActiveSheet.HPageBreaks.Count
MsgBox "Ukurasa " & (i + 1) & " unaanza mstari " & ActiveSheet.HPageBreaks(i).Location.Row
Next i
ActiveWindow.View = xlNormalView
End Sub

4. Bonyeza F5.

Ukiambiwa ukurasa wa 2 unaanza mstari wa 48, basi ukurasa wa 1 unaishia mstari wa 47. Andika namba hizo kwenye daftari la chama. Karatasi ikikosekana, mtajua mara moja ni miamala ipi ya kutafuta.

Usiruke ule mstari wa xlPageBreakPreview. Katika mwonekano wa kawaida, Excel wakati mwingine haioni mikato iliyo mbali na sehemu iliyo kwenye skrini, na makro hukwama.

Je, safu ya salio imehamia karatasi nyingine? Huo ni mkato wa wima. Badilisha HPageBreaks iwe VPageBreaks, Row iwe Column, na neno "mstari" liwe "safu", kisha uendeshe tena. Utapewa namba: 5 ni safu ya E.

Ukitaka kuhifadhi makro, chagua aina ya faili ya .xlsm.

Na tahadhari: ukitumiwa "taarifa ya miamala" na usiyemjua, ikakuomba uwashe makro, usikubali. Taarifa husomeka bila makro. Ikikuomba PIN, ifunge na uifute; PIN ni siri yako, hata sisi hatuiulizi.