Siku 14 za Kwanza Pune

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaokwenda Pune, India, kusomea biashara hufika wakiwa wameshasimuliwa habari za sikukuu za Ganesh na Diwali na matamasha ya vyuo. Habari za fomu ya kuripoti mgeni, iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, hawajasimuliwa na mtu. Wiki ya pili utawakuta kwenye ngazi za ofisi ya wanafunzi wa kigeni, faili mapajani, wakimpigia mwenye nyumba asiyepokea simu. Kila mwaka ni yale yale. Ndiyo maana mwongozo huu hausemi lolote kuhusu kubadilisha fedha wala nauli za bajaji.

Mwenye viza ya masomo inayozidi siku 180 anatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya usajili wa wageni, FRRO au FRO kutegemea mji, ndani ya siku 14 tangu atue. Tangu 2018 maombi hupitia mtandaoni, kwenye mfumo wa e-FRRO, na wengi hudhani ni kazi ya jioni moja. Sivyo. Mfumo unataka barua ya chuo wanayoiita bonafide, kisha unataka ushahidi wa makazi, na ushahidi huo uko mikononi mwa mtu mwingine.

Anayelala hosteli ya chuo ana nafuu kubwa, kwa sababu chuo kinaijua kazi hiyo. Pune ina mila nzuri upande huu. Symbiosis, taasisi ya elimu ya hapo, ilianzishwa mwaka 1971 na S. B. Mujumdar, aliyekuwa profesa wa botania katika Fergusson College, baada ya kuguswa na hali ya mwanafunzi wa Mauritius aliyekuwa akiugua hostelini, mbali na kwao. Mwaka wa kwanza, mwenye nafasi ya hosteli asiiache kwa sababu ya chakula cha mesi.

Anayepanga mtaani ndiye mwenye kibarua. Kwa taratibu za India, anayempokea mgeni nyumbani kwake hutakiwa kuripoti ndani ya saa 24, kwa ile fomu iliyozoeleka kama Fomu C. Wenye nyumba wengi hawapendi: yupo anayeogopa kodi ya mapato, yupo asiyetaka polisi wajue kuna mpangaji, na yupo anayetaka fedha ya Mwafrika bila jina lake kuonekana popote. Huyo wa mwisho hutambulika mapema, maana hupokea amana haraka na hutoa risiti polepole.

Mwandishi wa mwongozo huu aliwahi kusimamishwa mbele ya foleni nzima na karani aliyeupeperusha mkataba wake wa nyumba hewani, akiuliza kwa sauti kama huko Afrika watu wanajua mikataba. Saini zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni usajili, na usajili haukuwa jukumu la mpangaji. Hasira ya siku ile ndiyo iliyompeleka kuisoma sheria yenyewe, na kila mgeni anastahili kuijua.

Nchini India mikataba mingi ya nyumba huandikwa ya miezi 11, kwa kuwa Sheria ya Usajili ya 1908 inalazimisha kusajili upangaji unaozidi mwaka mmoja. Dalali atamwambia mgeni kwamba kwa hiyo karatasi yenye stempu na mhuri wa wakili inatosha. Katika jimbo la Maharashtra, ambako Pune ipo, haitoshi. Kifungu cha 55 cha sheria ya upangaji ya jimbo hilo, ya mwaka 1999, kinataka mkataba uandikwe na usajiliwe hata ukiwa wa miezi michache, na kinaubebesha mzigo huo mwenye nyumba. Akikaidi anaweza kufungwa hadi miezi mitatu au kutozwa faini hadi rupia 5,000. Zaidi ya hayo, mkataba usiposajiliwa, maelezo ya mpangaji kuhusu masharti ndiyo yanayosimama mpaka yathibitishwe vinginevyo. Mgeni akikitaja kifungu hicho kwa adabu kabla ya kutoa amana, mazungumzo hubadilika. Akishalipa, hana tena cha kushikia.

Kuna kizingiti kingine. Usajili wa mkataba kwa njia ya mtandao umejengwa juu ya Aadhaar, namba ya utambulisho yenye tarakimu 12, na mgeni haipati kabla ya kuishi nchini siku 182. Aliyetua juzi ajiandae kwenda mwenyewe kwa msajili, pamoja na mwenye nyumba, na siku ya kwenda ikubaliwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Majina nayo ni mtego. Cheti cha sekondari kinasema Juma Ali Hamisi, pasipoti inasema Juma A. Hamisi, barua ya chuo imeruka jina la kati. Nyumbani hakuna anayejali. Mbele ya e-FRRO hao ni watu watatu. Barua ya chuo isahihishwe ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, kabla ya kuombea viza.

Halafu zinakuja sikukuu. Sikukuu ya mungu Ganesh, ambayo mwanasiasa Bal Gangadhar Tilak alisaidia kuifanya sherehe ya hadharani mwaka 1893, huchukua siku kumi kati ya Agosti na Septemba, wakati ule ule wageni wengi wanapofika. Siku ya kuzamisha sanamu, barabara za katikati ya mji hufungwa na maandamano ya ngoma za dhol na tasha huweza kupita saa 24. Ni jambo la kuonwa. Lakini siku 14 hazisimami kwa ajili ya sikukuu. Kufikia Diwali, Oktoba au Novemba, mwenye nyumba huwa kwao kijijini na mhuri wa chuo kabatini.

Matamasha ya vyuo vya biashara ni kitu kingine, na yana faida ya kweli. Transcend ya SIBM Pune, Chaos ya IIM Ahmedabad na Unmaad ya IIM Bangalore huendeshwa na wanafunzi wenyewe: hutafuta wadhamini na kupanga bajeti. Mwafrika huombwa haraka acheze ngoma. Acheze akipenda, lakini aombe pia kiti kwenye kamati ya udhamini au fedha, kwa sababu hapo ndipo kazi hufundishwa. Akipewa ujira wa kupokea wageni tamashani, akatae. Viza ya masomo hairuhusu kazi ya kulipwa. Na ruhusa ya kukosa vipindi aipate kwa maandishi, maana vyuo vingi hudai mahudhurio ya asilimia 75.



Viza ya masomo hufungamana na chuo kimoja. Kuhama bila idhini ni kosa. Mtanzania apitie Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla ya kuondoka kwao, na anayemaliza asipande ndege bila cheti cha muda na matokeo yenye mihuri, kwa sababu kuyafuatilia kutoka Dodoma au Kisumu huchukua miezi.