Dondoo muhimu: Kugeuza mwongozo wa programu kutoka Markdown kwenda HTML

Unawaandalia mwongozo makarani wa vyama vya ushirika vya kahawa (AMCOS) Mbinga, au wenzao wa Mbamba Bay na Liuli? Tumia Pandoc, programu ya bure aliyoianzisha John MacFarlane mwaka 2006.

• Ongeza --standalone na --embed-resources. Picha zote zitaingia ndani ya faili moja, linalotumwa kwa bluetooth na kusomeka kwenye simu bila intaneti. Hili lipe uzito kuliko yote: mtandao ukikatika, wakulima bado wako kwenye foleni ya mizani.

• Andika -f markdown-smart. Bila hivyo, alama iliyomo katika neno “ng'oa” hubadilishwa umbo, na baadhi ya programu za kutafuta maneno huweza kulikosa.

• Majedwali yakague kwa macho, safu kwa safu.