Amana ya Mtoto: Kuhifadhi na Kukuza Mali Aliyotunukiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Ndugu Waislamu, mtoto anapozaliwa, na kila inapofika Idi, jamaa humtunukia riali, dirhamu au kipande cha dhahabu. Wazazi wengi huzichanganya fedha hizo na zao. Na hali zawadi ikishapokewa kwa niaba ya mtoto huwa ni milki yake; mzazi ni mchukuaji amana tu.

Katika miaka yangu ya ukadhi nimeiona khasara itokayo hapo. Tuchukue mfano. Binti ametunukiwa riali 720, baba akaziweka katika akaunti yake mwenyewe bila ya maandishi wala mashahidi. Akafariki, akaacha mke, mtoto wa kiume na binti huyo. Kadhi hahukumu ila kwa dalili, na kilicho kwa jina la maiti huingia katika mirathi. Basi mke atapata thumuni, riali 90. Mwanamume riali 420. Na binti riali 210. Zimempotea riali 510 za haki yake, wala hapana aliyekusudia kumdhulumu.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kutenga na kuandika. Fungua akaunti kwa jina la mtoto. Andika nani katoa, kiasi gani na lini. Kisha shuhudisha watu wawili waadilifu. Na mzazi aliyefikwa na dhiki akachukua humo, aandike kuwa ni deni, apate kuiepusha nafsi yake na shaka.

Wajibu wa pili ni kuikuza kwa halali. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliwahimiza mawalii wazifanyie biashara mali za mayatima, zisije zikaliwa na Zaka. Kwani mali ya mtoto nayo ina Zaka: ikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka, walii huitolea 2.5 katika kila 100.

Ama njia za kuikuza, ziada inayolipwa na benki kwa kiwango kilichofungwa ni riba, na riba haihalaliki kwa kuwa mpokeaji ni mtoto. Fedha kidogo zafaa kuwekwa kwa mudharaba, yaani kushirikiana katika faida kwa fungu lililokubaliwa. Na khasara yaweza kutokea. Hapa Oman benki za Kiislamu zimefunguliwa tangu mwaka 2013. Dhahabu huhifadhi, lakini haizai, na Zaka huipunguza. Fedha zikiwa nyingi, nyumba ya kukodisha au shamba la mitende, kwa hati yenye jina la mtoto, ni bora zaidi: asili hubaki, naye hula mapato.

Wajibu wa tatu ni kukabidhi. Suratun Nisaa, aya ya 6, yatufunza kuwajaribu mayatima. Wakifika umri wa kuoa na ukaonekana uongofu wao wa kuendesha mali, wapewe mbele ya mashahidi. Na mtoto mwenye baba anastahiki uangalifu huo huo.

Basi ewe mzazi, andika leo, kabla ya kuandikiwa wewe mirathi.

Wabillahi Tawfiq.