Saketi Breka katika Mfumo wa Umeme wa Betri

Mkazi wa Vudee, katika milima ya Upare wilayani Same, ambaye nyumba yake iko mbali na nguzo za umeme hutegemea paneli ya sola na betri ya volti 12. Mvuvi mwenye boti ya taa katika Bwawa la Nyumba ya Mungu ana mfumo wa namna hiyo hiyo. Wote wawili husikia kwamba volti 12 hazina madhara. Ni kweli kuwa hazimrushi mtu kirahisi, lakini betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo, kiasi cha kuyeyusha waya na kuunguza paa au mbao za boti.

Saketi breka ni swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi. Kazi yake ni kulinda waya, wala si redio au televisheni. Kwa hiyo ampea za breka zisiwe chini ya mahitaji ya vifaa, wala zisizidi uwezo wa waya.

Ili kupata ampea, gawanya wati kwa volti. Vifaa vyenye jumla ya wati 120 huvuta ampea 10 katika volti 12. Katika umeme wa gridi wa volti 230 vingevuta takriban nusu ampea tu. Hapa breka ya ampea 16 yafaa, pamoja na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Hata hivyo, waya huo ukifika umbali wa mita 5 hupoteza zaidi ya nusu volti, na taa hufifia. Ni afadhali kutumia wa milimita za mraba 4. Inveta ya wati 1,000 ni jambo jingine kabisa: huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri.

Kosa kubwa ni kufunga breka ya mkondo geu, ile ya umeme wa nyumbani, kwenye betri. Mkondo geu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche inayozuka breka inapojikata huzimika upesi. Mkondo mnyoofu wa betri haupiti sifuri; cheche yaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka hadi ikaungua. Tafuta breka iliyoandikwa DC pamoja na volti zisizo chini ya zile za mfumo wako. Ikiwa na alama za chanya na hasi, zifuatwe. Ikifungwa kinyume huenda ishindwe kuzima cheche.

Breka ifungwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi. Katika boti, ikae mahali pasipofikiwa na maji.

Breka ikijikata, ondoa vifaa vyote, irudishe mara moja, kisha unganisha kimoja kimoja. Ikijikata tena bila kifaa chochote, iache ilivyo na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuweka breka kubwa zaidi ili “isisumbue” ni kuufanya waya uwe fyuzi.

Unaponunua, kagua alama ya ubora ya TBS na udai risiti ya EFD. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulikoinunua breka iliyokufa baada ya wiki mbili.