Maneno ya GRE hayakai kichwani

*Mwalimu, najiandaa kwa mtihani wa GRE. Usiku nakariri orodha ya maneno ya Kiingereza, asubuhi yamefutika. Nifanyeje? Msomaji, Dodoma*

Pole, ndugu msomaji. Kumbukumbu yako ni nzima. Kinachokuangusha ni orodha. GRE hukupa sentensi yenye pengo, na katika aina moja ya maswali unachagua maneno 2 kati ya 6 yanayoipa maana ileile. Basi panga maneno yako kwa makundi ya maana: “laconic” na “terse”, yanayokaribiana maana, yakae kadi moja, kila neno na sentensi uliyoitunga mwenyewe. Funika, jiulize, rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki. Maneno 10 kwa siku yanatosha. Ukiona sentensi zenyewe hazieleweki, tafuta mwalimu kabla ya kulipia mtihani.